Darubini Niliyomfungulia Mama

Mwezi uliopita alikuja mwalimu mmoja hapa dukani kwangu Kasulu. Ana kibali cha kuwinda, amenunua bunduki yenye darubini juu yake, na alikuwa ameambiwa kwamba akitaka kujua mambo ya bunduki asihangaike kwingine, aje kwangu. Aliyemwambia hakukosea. Mimi niliishia darasa la tatu, na hilo la tatu sikulimaliza, lakini nyati niliowaangusha kati ya Kasulu na Kibondo hakuna msomi atakayewafikia. Leo nina malori mawili, mashine ya kusaga na nyumba ya wageni yenye vyumba kumi na kimoja, sakafu saruji tupu, na mwanzo wa yote hayo ulitoka kwenye mdomo wa bunduki. Sikurithi hata jembe.

Mwalimu akaniuliza, "Mzee, hii darubini mtu anaweza kuiamini?"

Nilimjibu kwa kifupi maana wateja walikuwa wamejaa. Nilimwambia inaaminika mpaka siku utakapoichokoza. Akacheka, akadhani ni mzaha wa mtu mzima, akaenda zake. Lakini jibu lile limenikaa kooni tangu siku hiyo. Lilikuwa nusu. Nusu ya pili sijawahi kumwambia mtu, hata mke wangu. Mama yangu tulimzika mwaka juzi, na kama angekuwa hai nisingeiandika.

Bunduki yenyewe niliipata kwa Mzungu aliyekuwa akisimamia barabara upande wa Gwarama, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa nampelekea nyama kambini, nyama ya pofu na ya kongoni, na hakuna siku niliyompelekea nyama iliyolala. Alipokuwa anarudi kwao wengi waliitaka ile bunduki, wakiwemo watu wa bomani wenye mishahara. Akaniuzia mimi, akafuatana nami mpaka kibali kikatoka kwa jina langu. Siku ya kuagana alinionyesha zile pete mbili za chuma zinazoikamata darubini, na skrubu zake nne. Aliweka kidole juu ya skrubu, akatikisa kichwa.

"Hapana fungua," akasema kwa Kiswahili chake. "Kama fungua, piga karatasi. Piga, piga, mpaka sawa."

Maneno niliyasikia, ila maana nilijitafutia mwenyewe. Niliona ni uchoyo tu, kama wa mtu anayekuuzia redio halafu anakukataza kufungua mfuniko wa nyuma. Hata hivyo sikuifungua. Sikuwa na sababu. Kwa zaidi ya miaka miwili ile darubini ilinitumikia kama mtumishi mwaminifu. Nikiuweka ule msalaba wake mwembamba juu ya bega la mnyama, risasi ilikwenda pale pale. Sikumbuki kukosa. Watu waliosema natumia dawa walikuwa wengi, na mimi sikuwakatalia.

Kaka yangu ndiye hakuipenda. Alikuwa wa baba mmoja mama mmoja nami, amenizidi miaka minane, na baba alipokufa yeye ndiye aliyenilea. Alikuwa mwindaji wa mbwa na mkuki, na kwa kuisoma ardhi sijaona wa kumfikia. Aligusa unyayo kwa nyuma ya kidole, akakwambia mnyama kapita kabla ya umande au baada yake, kashiba au ana njaa. Alipoiona bunduki yangu mara ya kwanza aliizunguka kama mtu anayekagua mbuzi wa mahari.

"Mdogo wangu," akasema, "bunduki yako imevaa miwani. Imezeeka kabla yako?"

"Kaka, hii inaona mpaka kupe kwenye sikio la nyati."

"Kupe tutamla na nini? Siku utakayoua kwa jicho ulilozaliwa nalo, nitakubebea nyama kichwani mpaka Manyovu."

Lakini baada ya nyati wa nne alinyamaza, na baada ya wa sita tukawa na utaratibu wetu. Mimi nilipiga kutoka mbali. Kishindo kikiisha, yeye aliuliza neno moja tu: "Wapi?" Nami nilijibu nilichokiona kwenye kioo. Nikisema moyo, aliingia kichakani hapo hapo na mkuki wake, maana nyati wa moyo hafiki mbali. Nikisema tumbo, tulikaa chini. Alivuta tumbaku yake taratibu, kivuli cha mti kikahama, ndipo tukaingia wawili, kwa sababu nyati aliyepigwa tumboni hufa polepole, na katika kufa kwake anamsubiri mtu. Neno langu ndilo lililoamua aingie au akae. Hakuwahi kuliuliza mara mbili.

Yaliyotokea yalitokea mwaka wa pili baada ya watu kuhamishiwa vijijini. Mimi nilikuwa nimeshahamia Kasulu mjini, lakini mama na kaka walikuwa wamepangwa kwenye kijiji kipya kando ya barabara, upande wa Busunzu, nyumba zimenyooshwa mstari kama mistari ya mahindi. Kwetu kwa zamani kulikuwa ng'ambo ya bonde, juu ya kilima. Nyumba ilishavunjwa. Palibaki migomba ya mama, na katikati ya migomba kaburi la baba. Miguu ya mama ilikuwa imeanza kuvimba, bonde lile hakuliweza tena. Kila nilipokuja kumsalimia aliniuliza kama nimepita kule. Sikuwa nimepita. Nilikuwa mtu wa biashara, nilikuwa na haraka.

Kiangazi kile, nyati dume mmoja alikuwa akishuka bondeni na kukanyaga maharage ya kijiji. Mwenyekiti akaniita. Nilitoka Kasulu kwa baiskeli, siku mbili njiani, bunduki nimeizungushia blanketi na kuifunga mgongoni, sikuiweka kwenye keria hata mara moja, maana niliijua thamani yake. Bwana nyama wa wilaya, yaani afisa wa wanyamapori, alinipa risasi tano kwa kibali, na maganda nilitakiwa kuyarudisha.

Alasiri ile, kama kawaida, watu walikuja kuchungulia. Niliishika bunduki mwenyewe, haina risasi, na wanaume wakaweka jicho mmoja mmoja.

"Elekeza kule kisimani," mmoja akasema, "nione mke wangu anachota maji au anachota maneno."

"Wewe anakuona kabla hujamwona, amekaa anakucheka!"

Vicheko vikawa vingi. Kisha nikaona watu wananyamaza na kupisha. Mama alikuwa amekuja na fimbo yake, taratibu. Akasimama mbali kidogo.

"Baba," akaniita, maana ndivyo alivyoniita tangu utoto, "hicho kioo chako kinafika ng'ambo?"

"Mama, hiki kinafika Burundi."

"Burundi sina kaburi. Nauliza hapo ng'ambo."

Kwetu mwanamke hagusi silaha inayokwenda porini kesho yake. Hata mkuki ulioegeshwa ukutani huupitia mbali. Akiugusa, wanaume hawatoki siku hiyo, na wakitoka na likatokea la kutokea, kila mtu anajua atamtazama nani. Na kuweka jicho kwenye bunduki, shavu kwenye kitako chake cha mti, huko ni kugusa kabisa. Mama alilijua hilo kuliko sisi. Ndiyo maana alisimama mbali.

Kaka akamwambia, "Mama, kesho tukisharudi utaangalia mpaka uchoke."

"Kesho mtarudi na damu na nyama na kelele. Nani atanikumbuka?"

Mimi ndiye niliyepata akili, na niliiona ni akili kubwa sana. Nilisema hakuna shida. Mama asiguse bunduki, lakini kioo si bunduki. Kioo ni kioo. Nilichukua bisibisi kwenye mkoba wa baiskeli, nikafungua zile skrubu nne, nikaitoa darubini, nikamwekea mama mkononi. Watu wakashangilia. Mwenyekiti akasema, "Huyu angesoma angekuwa waziri."

Mikono ya mama ilitetemeka, kwa hiyo nilimshikia kwa mbele na kumtafutia kilima. Ilichukua muda. Kisha nikahisi ameacha kutetemeka.

"Naiona," akasema. "Migomba yangu. Imebanana, hakuna anayeipunguza."

"Na kwa baba?"

"Majani." Akasogea karibu zaidi na kioo. "Majani tu. Lakini ni pale."

Hakuitoa darubini jichoni kwa muda mrefu, na hakuna aliyemharakisha. Nimempa mama vitu vingi maishani mwangu, blanketi, godoro, baadaye nyumba ya bati, na hakuna alichokishukuru kama alivyoshukuru siku ile. Aliponirudishia alipiga makofi mepesi ya heshima, kama yanavyopigwa kwa mkubwa, mama mzima kwa mtoto wake. Nilitazama pembeni.

Nikairudisha darubini mahali pake, nikakaza skrubu mpaka kiganja kikauma. Kaka alikuwa amechuchumaa, ananiangalia.

"Imekaa kama mwanzo?"

"Kaka, skrubu zinarudi kwenye matundu yale yale. Itakwenda wapi?"

"Basi piga ule mti tuone."

Nilimwambia risasi ni tano tu. Nikamwambia mshindo utamfukuza dume bondeni. Yote mawili yalikuwa kweli. Lakini la kweli zaidi ni kwamba kijiji kizima kilikuwa kimesimama pale, wametoka kunisifu sasa hivi, na mimi sikutaka waone naijaribu bunduki yangu kama mtu asiyeijua. Kaka hakubisha. Alisimama, akakung'uta vumbi, akaenda kuwafunga mbwa.

Asubuhi tulimkuta dume pale pale tulipomtarajia, ukingoni mwa maharage, karibu na matete. Alikuwa hatua kama mia na hamsini, amesimama ubavu, kichwa upande wa kushoto. Hewa ilikuwa imetulia. Niliegemeza bunduki kwenye panda ya mti, nikauweka msalaba juu ya bega. Ulikaa pale kama alama iliyochapwa kwenye ngozi. Nikavuta.

Nyati alikunja mgongo, akaingia kwenye matete.

"Wapi?" kaka akauliza.

"Moyo."

Hakuondoka. Ilikuwa mara ya kwanza. "Amekunja mgongo," akasema.

Niliona. Nilikuwa na macho kama yeye. Mnyama wa moyo huruka mbele, na yule anayekunja mgongo amepigwa nyuma. Lakini mimi nilikuwa nimeona kwa kioo, na kioo hakikuwahi kunidanganya.

"Kaka, nimeuona msalaba kwenye bega. Moyo."

"Haya," akasema. Akachukua mkuki, akamwita mbwa mmoja, akaingia. Mimi nikazunguka upande wa pili wa matete na bunduki, kama utaratibu wetu ulivyokuwa.

Nilisikia mbwa akilia mara moja. Kisha nikasikia matete yakivunjika, mengi kwa pamoja, kama paa la nyasi linaloanguka. Nilikimbia. Nilipomfikia, nyati alikuwa ameshampita na kujificha tena, na kaka alikuwa amekaa. Hakulala, alikaa, mikono yote miwili imeshika tumbo lake chini ya kitovu, na damu inapita kati ya vidole. Nilivua shati nikamfunga. Nilipiga risasi mbili juu ili watu waje.

Tulimbeba kwa machela mpaka barabarani. Lori la tumbaku likasimama, Mungu ambariki yule dereva, akatufikisha Kibondo hospitalini akiendesha kama amebeba mayai. Waganga walifanya kazi yao yote, sina la kusema juu yao. Walisema pembe imeingia ndani sana, tusubiri.

Kesho yake asubuhi alikuwa na akili zake. Uso ulikuwa umepauka, lakini alinitambua, akaomba maji, akakatazwa, akasonya. Nikakaa ukingoni mwa kitanda. Alinitazama, kisha akauliza kwa sauti ndogo:

"Wapi?"

Nilidhani homa imempeleka nyuma. Lakini macho yake yalikuwa safi.

"Moyo, kaka," nikasema. "Yule nyati si wa kawaida."

Alinitazama muda mrefu, kuliko alivyowahi kunitazama tangu nilipokuwa mdogo na kumpotezea mbuzi.

"Haya," akasema. Halafu akajaribu kutabasamu. "Basi wa siku hizi wana mioyo miwili."

Nikacheka. Nilifurahi kuona anatania. Nilitoka nje nikawaambia ndugu kwamba atapona, kwamba mtu anayetania hafi.

Siku hiyo hiyo bwana nyama alinichukua kwa gari lake turudi kummaliza nyati, maana aliyejeruhiwa haachwi karibu na watu. Tulimkuta ameshakufa, amelala upande wa pili wa matete. Bwana nyama alikuwa mtu wa maneno machache. Alitafuta tundu la risasi kwa kidole, akapima kwa shubiri kutoka begani. Shubiri mbili na nusu. Ilikuwa imeingia katikati ya tumbo.

"Ulilenga hapa?"

"Aligeuka," nikasema.

Aliichukua bunduki yangu, akabandika pakiti tupu ya sigara kwenye mti mnene ng'ambo, akapima hatua mia na hamsini, akalala chini, akapiga. Tulikwenda kutazama. Pakiti ilikuwa nzima. Risasi ilikuwa imeingia upande wa kulia, shubiri mbili na nusu, kama vile mtu amepima kwa mkono ule ule.

"Nani alifungua hii?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

Nilichomeka kidole kwenye lile tundu la mti. Akanirudishia bunduki, akaenda kuwasimamia wanaokata nyama.

Mimi nikaingia kwenye matete peke yangu. Sijui nilikuwa natafuta nini. Labda nilitaka kupita alipopita. Ardhi ilikuwa ya tope jepesi, na katambuga za kaka, zile za tairi, ziliacha alama iliyo wazi kama muhuri. Alinifundisha mwenyewe kusoma, kwa hiyo nilisoma. Hatua za kwanza zilikuwa ndefu, za mtu anayefuata nyati wa moyo, mtu asiyeogopa. Baada ya hatua kama thelathini zikafupika. Kisha zikasimama, zote mbili pamoja. Hapo, kwenye tete moja, usawa wa kiuno, palikuwa na damu nyeusi iliyokauka, imechanganyika na majani yaliyotafunwa, ya kijani. Hiyo ni ya tumboni. Moyo hauna majani. Chini palikuwa na jani la tete lililochumwa na kusuguliwa kati ya vidole, kama alivyokuwa akifanya.

Kutoka pale nyayo ziligeuka. Hazikuwa za kukimbia. Alikuwa anarudi, taratibu, mahali tulipoachana, anarudi kuniambia tukae chini tusubiri. Alikuwa amerudi hatua kumi tu. Mahali pa damu yake palikuwa hapo.

Basi alijua. Pale kitandani aliponiuliza alikuwa anajua tangu jana yake. Hakuuliza kwa kutaka kujua. Alitaka nimwambie mimi.

Sikungoja gari. Nilichukua baiskeli yangu niliyoiacha kijijini nikaelekea Kibondo. Nimeendesha baiskeli sana katika maisha yangu, nimebeba gunia la maharage kutoka Manyovu mpaka Kasulu bila kushuka kwenye mlima, lakini sijawahi kuendesha kama vile. Njia nzima nilikuwa nalirudia neno moja mdomoni, tumbo, tumbo, kama mtoto aliyetumwa dukani anayeogopa kusahau. Niliona kwamba nikilisema tu, kuna kitu kitakaa sawa kati yetu, hata kama mwili wake hautakaa sawa. Nilifika kesho yake, jua likiwa katikati.

Mama alikuwa ameshaletwa. Alikaa chini kwenye mkeka, upande wa miguuni mwa kitanda, ameshika mguu mmoja wa kaka kwa mikono yake miwili. Kaka alikuwa amefumba macho. Pumzi ilikuwa ya kukwaruza, inasimama, inaanza tena.

"Tangu alfajiri hajasema," mama akaniambia. "Mwambie neno, baba. Wewe alikuwa anakusikia."

Niliinama. Mdomo wangu ulikuwa karibu kabisa na sikio lake. Neno lilikuwa tayari.

"Nimekuwa nikijiuliza," mama akasema nyuma yangu, kwa sauti ya chini ili wagonjwa wengine wasisikie. "Ile jioni. Nilisimama mbali, uliniona. Bunduki sikuigusa. Kioo ulinipa wewe mwenyewe, mkononi. Sikuigusa bunduki, au niliigusa?"

Niliinua kichwa. Alikuwa ananitazama kama mtu anayesubiri hukumu bomani. Nikaona kwamba nikisema tumbo, atauliza imekuwaje, bunduki ile isiyokosa. Na nikisema imekuwaje, atajua ilifunguliwa lini, na kwa ajili ya nani. Hakuna maelezo ya skrubu ambayo yangemtoa kwenye hilo. Angelibeba mpaka kaburini.

Nikamrudia kaka sikioni. "Nyati amekufa," nikamwambia. "Nyama imegawiwa." Hakufungua macho. Kama alisikia, alisikia hilo.

"Hukuigusa, mama," nikasema. "Ulisimama mbali sana."

Akashusha pumzi. Akasogea kidogo kwenye mkeka ili nipate pa kukaa. Nikakaa, nikaushika mguu wa pili, ambao ulikuwa bado na joto. Tukakaa hivyo, yeye na wake mimi na wangu, mpaka alasiri, mpaka muuguzi alipokuja akatuambia sasa tumwachie.